Ishirini na Nne Upande wa Magharibi

Jumatatu, 5 Januari

Daftari hili nimepewa na mama mdogo. Lina jalada la kijani na mistari mipana kama ya mtoto wa darasa la kwanza. "Andika, mwanangu," amesema. "Mambo yote unayabeba kichwani, na kichwa chenyewe ni hicho hicho kimoja." Anajua ninavyosahau. Juzi nimeacha sufuria motoni mpaka jirani akaja kugonga mlango.

Haya, naandika. Mimi ni fundi wa jengo la ghorofa saba ambalo halina hata kiyoyozi kimoja. Msanifu aliyelichora alikaa miezi akichungulia vichuguu, akitaka kujua mchwa wanapozaje nyumba yao bila waya wala feni. Ndipo akachimba mahandaki chini ya msingi. Hewa inaingia humo, inapoa, halafu inapanda kwa bomba kubwa la katikati mpaka juu. Kuta za nje amezivika majani kuanzia chini hadi paani. Paneli za jua zinajaza betri, na kompyuta ndiyo inayoamua dirisha gani lifunguke, feni ipi izunguke, na umeme kiasi gani tuupeleke mjini. Wakazi wengi ni wastaafu. Wanaliita Kichuguu, nami huwaambia basi mimi ndiye malkia wake, ila sizai.

Mama mdogo anakaa ghorofa ya sita, upande wa magharibi. Amenilea tangu nina miaka minne, kwa cherehani yake. Mwaka jana daktari alisema moyo wake hauwezi tena joto, nikamtoa kwenye nyumba yake ya bati na kumleta hapa. Nilimwapia kwamba hatatoka jasho tena maishani.

Alhamisi, 8 Januari

Vile visanduku vinavyoipimia kompyuta joto vilikuwa vitatu upande wa magharibi. Viwili vimekufa, maji ya mvua ya mwaka jana yaliingia ndani. Kilichobaki kiko ghorofa ya pili, nyuma ya majani, karibu na ngazi. Sasa hicho kimoja ndicho kinachosemea upande mzima.

Nimemwomba meneja tuagize vingine. Meneja wetu ni mtu wa shati jeupe lililonyooshwa, sijawahi kumwona ameshika hata bisibisi.

"Kimoja kinatosha, fundi," amesema. "Joto ni lile lile. Halipandi ngazi."

Nikacheka. Joto linapanda ngazi kuliko sisi sote. Lakini sikubisha.

Jumatatu, 12 Januari

Jua. Hakuna jipya.

Alhamisi, 15 Januari

Maji yamepunguzwa mji mzima. Kuanzia leo mabomba ya kumwagilia kuta yatafunguliwa alfajiri tu. Mtunza bustani, ambaye kila mtu humwita Mzee Majani, ameshika kichwa kama mtu aliyepokea taarifa ya msiba. Amekuwa na kuta hizi tangu zikiwa miche kwenye mifuko. Nimemtania kwamba majani yakifa atavaa kaniki. Hakucheka.

Jumatano, 21 Januari

Meneja anangoja wageni. Analalamika kwamba majani ya karibu na ngazi yameungua.

Alhamisi, 22 Januari

Nimemwambia Mzee Majani awe anachukua maji ya kuoshea mboga pale mgahawani na kuyamwaga ghorofa ya pili magharibi kila mchana, yale majani ya ngazini yasituaibishe. Bawaba ya mlango wa nyuma nimeitia mafuta.

Jumanne, 27 Januari

Wageni wamekuja, wamepiga picha ngazini. Majani yamechangamka kweli.

Jumatano, 28 Januari

Nimempelekea mama mdogo chai kabla ya kazi, kama kawaida. Chumba kilikuwa na ubaridi mzuri, maana usiku madirisha hufunguka yenyewe kwa saa. Lakini yeye hakuonekana kulala vizuri.

"Mwanangu, mchana humu ndani panageuka jiko."

"Mama, jengo zima linapumua."

"Basi mimi ndiye napumuliwa."

Tumecheka. Nilipofika chini niliangalia kompyuta, na saa nane mchana nikaiangalia tena. Magharibi, ishirini na nne. Kuna watu wanalipia ubaridi kama huo. Nadhani bado hajazoea. Miaka arobaini ameishi na dirisha wazi na barabara ikimpigia kelele, kimya cha hapa kinamlemea.

Jumanne, 3 Februari

Mwalimu mstaafu, jirani yake mama mdogo, ameshuka mpaka ofisini kwangu akiwa na mshumaa. Ofisi yangu iko chini kabisa, ukutani kwa mahandaki, huwa navaa sweta. Mwalimu alisimama mlangoni akitweta, akauinua ule mshumaa. Ulikuwa umeinama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.

"Ulikuwa mezani kwangu," akasema. "Mezani, siyo dirishani. Sasa niambie ni digrii ngapi, fundi."

"Ishirini na nne, mwalimu. Njoo uone."

Akatazama kompyuta. Kisha akanitazama mimi na sweta langu, akaondoka bila kuaga. Huyu mzee anapenda kutia chumvi. Wiki iliyopita alilalamika kwamba lifti inamdharau.

Ijumaa, 6 Februari

Joto mjini halisemeki. Lami imelainika mbele ya geti.

Jumatano, 11 Februari

Leo ni siku yangu! Barua imekuja kutoka halmashauri: katika majengo yote ya mji, letu ndilo lililopeleka umeme mwingi zaidi mwezi uliopita. Kompyuta ikiona upande fulani umepoa, inafunga madirisha ili ubaridi usitoroke, inalaza feni, na umeme unaobaki kwenye betri unakwenda mjini kusaidia walioelemewa. Magharibi peke yake imetoa zaidi ya pande nyingine zote zikijumlishwa. Meneja amepeana mkono na mimi mbele ya watu. Tumepewa cheti, nimekitundika mwenyewe.

Nimekimbia juu kumwonyesha mama mdogo picha yake kwenye simu. Ilikuwa saa kumi alasiri. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, amevaa gauni jepesi tu. Nami nilikuwa natiririka jasho.

"Hizi ngazi zitaniua," nikasema.

Akajifuta shingo kwa ukingo wa gauni. "Hongera, mwanangu," akasema. "Umefanya kazi nzuri."

Jumanne, 17 Februari

Tumegombana. Naandika nikiwa bado na hasira, labda kesho nitaona aibu.

Mwalimu amemnunulia mama mdogo kipimajoto cha sokoni, kile cha plastiki chenye picha ya kipepeo. Amekishika mkononi tangu jana kama hirizi. Leo amenipigia simu saa tisa. Ilinikuta nje ya ofisi kwa bahati, kwa sababu mle chini mtandao haufiki.

"Kinasema thelathini na sita."

"Mama, kipimajoto hicho ni kitu cha kuchezea. Kompyuta yangu ni ya mamilioni."

"Mwili wangu nao ni wa kuchezea?"

Jioni nikapanda. Akaniomba ufunguo. Madirisha yetu hayafunguliwi kwa mkono, yanaendeshwa na mota. Kuna ufunguo mmoja wa chuma unaoyaachia, nao hukaa mfukoni mwangu. Nikamweleza, kama ninavyowaeleza wakazi wote, kwamba ukifungua dirisha moja mchana unavuruga mvuto wa hewa wa jengo zima, watu wa mashariki na kaskazini wote wataumia. Nikamwambia siwezi kumpa kwa sababu ni mama yangu, wengine nao watataka.

"Sijakuomba kwa sababu mimi ni mama yako. Nimekuomba kwa sababu naona joto."

"Mama, unajua kazi yangu kuliko mimi?"

Nilisema hivyo. Niandike hapa kwamba nilisema hivyo.

Jumatano, 18 Februari

Nimekwenda kuomba radhi na chai. Chumba kilikuwa kimepoa. Kipepeo chake kilisoma ishirini na tatu. "Unaona?" nikamwambia. Akanywa chai.

Ijumaa, 20 Februari

Jua.

Jumatatu, 23 Februari

Jua. Mama mdogo hajala. Anasema ni meno.

Alhamisi, 26 Februari

Mwalimu amevunja kioo cha dirisha lake kwa mkongojo. Mchana kweupe. Meneja amemwandikia barua ya onyo, na mimi nimeagizwa nizibe kwa ubao. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Mshumaa ulikwisha, ikabaki zamu yangu ya kuinama." Nitaziba Jumatatu, leo pampu ya mahandaki inanisumbua.

Jumatatu, 2 Machi

Pampu bado. Ubao sijaupigilia.

Ijumaa, 6 Machi

Tulimzika juzi. Nitaandika polepole.

Jumanne saa tisa na robo nilisikia mkongojo ukishuka ngazi, tok, tok, haraka kuliko mzee yule anavyotembea. Mwalimu alisimama mlangoni, shati limemganda kifuani. "Mama yako hajibu," akasema. "Nimegonga mpaka mkono umeuma."

Kwenye kompyuta, magharibi ilikuwa ishirini na nne. Niliangalia kabla ya kukimbia. Hilo nalo naliandika: niliangalia kwanza.

Lifti ilikuwa ghorofa ya saba, sikuingoja. Kitasa cha mlango wake kilikuwa cha moto, nikakishika kwa mkono wa sweta. Ndani hewa ilikuwa nzito, unaivuta haiingii. Alikuwa chini ya dirisha, kichwa kimeegemea ukuta, jicho moja halijafumba vizuri. Mkasi wake wa kushonea, ule mkubwa wa kukatia suti ambao hakuruhusu mtu yeyote akatie karatasi, ulikuwa umechomekwa kwenye ufa wa dirisha. Ncha imevunjika. Rangi ya fremu imechubuka pembeni kote. Hakuanza siku hiyo. Mikwaruzo mingine ilikuwa ya zamani.

Nilimwita. Nilimmwagia maji. Mwalimu alikuwa anasema maneno fulani, sikuyasikia. Mwishowe nikakumbuka ufunguo mfukoni, nikautia, nikauzungusha mara moja, dirisha likafunguka. Ikaingia hewa. Ya joto, ya barabarani, yenye vumbi, lakini ilikuwa hewa, na pazia likasogea, na nywele zake zikasogea. Yeye hakusogea.

Simu yake ilikuwa chini ya mto. Alinipigia mara mbili, saa saba na nusu na saa nane kasoro robo. Nilikuwa chini, mahandakini, nikiwa nimevaa sweta.

Daktari ameandika moyo. Mwana wa pekee wa mama mdogo anafanya kazi mbali, alifika siku ya mazishi asubuhi akaondoka jioni. Ni mdogo wangu, tumelala kitanda kimoja utotoni. "Dada," aliniuliza, "ilikuwaje?" Nikamwambia moyo.

Mwalimu yuko hai. Kioo chake kilikuwa bado hakijazibwa.

Jumatatu, 9 Machi

Nimerudi kazini ingawa meneja aliniambia nipumzike. Saa nane nikakaa mbele ya kompyuta. Magharibi, ishirini na nne. Ile namba sasa naichukia kama mtu. Nikapanda chumbani kwa mama, nikachukua kipepeo chake: thelathini na saba. Basi nikaanza kushuka ghorofa moja moja nikiwa nimekishika mbele yangu. Sita, tano, nne, tatu, kote moto. Kwenye ngazi ya ghorofa ya pili nikamkuta Mzee Majani na ndoo yake. Alikuwa anamwaga maji kwa mkupuo mdogo mdogo, kwa upole, kama anayemwogesha mtoto.

Nikaingiza mkono nyuma ya majani. Kisanduku kilikuwa kimelowa, kimeota ukungu, cha baridi kama chupa iliyotoka kisimani.

Nikaelewa yote kwa mpigo. Maji yanalowesha majani, majani yanapoza kisanduku, kisanduku kinaiambia kompyuta kwamba magharibi kuna raha, kompyuta inafunga madirisha, inalaza feni, umeme wetu unakwenda mjini. Kila mchana. Na sisi tukapewa cheti.

"Mzee, unafanya nini?"

"Namwagilia, fundi. Kama kila siku."

"Nani amekutuma?"

Akanitazama. Akanitazama kwa muda mrefu, mdomo wazi kidogo, kisha akaangalia ndoo yake.

"Niliona yanakauka," akasema.

Nikapandwa na wazimu. Nilimpokonya ndoo nikaitupa ngazini. Nilimwambia amemuua mama yangu. Nililisema kwa sauti, milango ikafunguka, watu wakatoka. Nikamshika mkono wa shati, mtu wa umri wa baba yangu, nikamkokota mpaka kwa meneja. Meneja alisikiliza mpaka mwisho, na niliona uso wake ukitulia. Alikuwa na hofu wiki nzima, sasa amepata mtu.

Jumanne, 10 Machi

Mzee Majani amesimamishwa kazi. Wakaguzi watakuja wiki ijayo. Meneja anasema huenda ikafika polisi. Nimesema ifike.

Ijumaa, 13 Machi

Leo nilitaka kusoma maneno ya mama. Nilijua nimeandika mengine humu, lile la kupumuliwa, lile la hongera. Nikaanza mwanzo, polepole, nisiruke hata siku moja.

Tarehe 22 Januari.

Nimeisoma mara nyingi, sijui ngapi. Mwandiko ni wangu. Kalamu ni ile ile. Baada ya sentensi hiyo nimeandika habari za bawaba. Sikumbuki nikimwambia. Najaribu kuona uso wake siku ile, sioni kitu. Wiki mbili tu kabla yake nilikuwa nimeandika kisanduku kilipo. Nilikijua. Mimi peke yangu katika jengo zima ndiye niliyekijua, na nilimtuma mtu akimwagie maji kwa ajili ya picha za wageni.

Nilipomuuliza nani amekutuma, alinitazama kwa sababu alidhani nakumbuka.

Jumamosi, 14 Machi

Nimekwenda kwake. Anakaa chumba kimoja nyuma ya gereji, mlangoni ana makopo kumi na mawili ya miche, yote imestawi. Alikuwa anatengeneza mkono wa ndoo. Ile ndoo. Mkewe alinipa kiti na pole ya msiba, halafu akabaki amesimama.

"Kwa nini hukusema ni mimi?" nikamuuliza.

"Ulikuwa umefiwa, mwanangu. Siku saba hazijaisha. Nikuongezee na hilo?"

"Watakufunga, mzee."

"Labda. Lakini nami nilikimwagia kweli. Sikujua kile kisanduku ni cha nini. Siku moja niliona kimelowa sana, nikakifuta kwa kitambaa. Nikaona nimekitendea wema."

"Mimi nilimwambia aseme," mkewe akadakia, na sauti yake ilikuwa kali. "Nilimwambia huyo fundi mwenyewe ndiye kakutuma, sema! Yeye kazi yake kukingia watu vifua. Na sisi nani atatukingia?"

Mzee akamwashiria anyamaze. Hakunyamaza, na alikuwa na haki. Aliniambia kwamba mumewe tangu Jumatatu hali chakula, na kwamba watu wa mtaani wanamwita muuaji. Jina hilo nililitoa mimi, ngazini, kwa sauti yangu.

Niliomba radhi. Mzee alisema amesamehe. Mkewe akachukua kiti nilichokuwa nimekalia akakiingiza ndani.

Jumapili, 15 Machi

Nimempigia mdogo wangu nikamweleza yote: maji, kisanduku, ufunguo mfukoni, mkasi dirishani. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Alikuomba ufunguo mara ngapi?" Nikasema mara moja kwa maneno. Akakata simu. Nimempigia tena, imezimwa.

Halafu nikampigia meneja.

"Fundi, tulia," akasema. "Daftari si kumbukumbu ya ofisi. Ni mambo yako ya nyumbani. Nani amewahi kuliona?"

"Hakuna."

"Basi karatasi moja tu. Mzee ameshakubali. Ukienda wewe, na mimi nitaulizwa habari za vile visanduku, sote tutamwaga unga. Mama yako atarudi?"

Nimekaa mezani na daftari na wembe. Nisiseme uongo, niliushika. Nikiikata ile karatasi, mtu hataona hata pengo. Lakini nyuma ya karatasi hiyo hiyo ndipo nilipoandika ya tarehe 28, lile neno lake, "Basi mimi ndiye napumuliwa." Ningemkata naye.

Jumatatu, 16 Machi

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Kuta zote zinachuruzika, magharibi inasoma ishirini na mbili, na leo ni kweli.

Kabla ya kazi nimepita upande wa magharibi wote na ufunguo, madirisha kumi na manne, nimeyaachia yote. Chumbani kwa mwalimu nimeukuta ubao wangu umeegemezwa ukutani, bado haujapigiliwa. Nikamuuliza kama atanisaidia kuubeba chini. Akanijibu ameuzoea, anaanikia soksi. Kisha nikampa ufunguo. Akautia mfukoni mwa shati na kufunga kifungo.

Chumbani kwa mama sikukaa. Nilifungua dirisha nikatoka, na mkasi nimeuacha ulipo ili wauone.

Wakaguzi wako juu kwa meneja, nasikia viti vikivutwa. Mzee Majani ameitwa pia, amekaa kwenye benchi la ngazini na shati lake la Jumapili, anayatazama majani yakinyeshewa. Nimeketi karibu naye kumalizia mistari hii. Ameniuliza ninaandika nini, nikamwambia nafunga hesabu na mama.

Sasa wanatuita. Nimemwambia yeye akae, nitaingia kwanza. Ukurasa wa 22 Januari nimeukunja pembe, wasihangaike kuutafuta.